Mifuko Kwenye Mfereji wa Chiwondo

Jumamosi, 8 Novemba 1997

Kipimo cha mvua: mm 0.

Daftari hili ni la ofisi, limepigwa mistari ya kuandikia vipimo vya visima, nami nimeamua kuliiba. Nina miaka ishirini na saba. Mimi ni mhandisi wa maji hapa mkoani Dodoma, mwanamke pekee katika idara ukimtoa mpiga chapa, na sina mtu wa kumweleza ninavyoogopa. Daftari halicheki wala halisambazi maneno.

Bahasha mbili ziko chini ya godoro langu. Ya kwanza imetoka Uholanzi: shahada ya pili ya uhandisi wa maji, miaka miwili, wanalipa kila kitu, ada, tiketi, chumba, hata koti la baridi limetajwa. Masharti ni mawili. Nithibitishe kabla ya tarehe 31 Januari, na uthibitisho uende na barua ya mwajiri, yenye muhuri wa wizara, inayosema kazi zangu zote hazina dosari. Mwisho wa Februari niwe nimeshafika. Ya pili imetoka Mlimani, Dar es Salaam: shahada ya ngazi hiyohiyo, ila inahusu mabwawa madogo ya udongo kwenye nchi kame. Wanafuta nusu ya ada. Chakula na pa kulala nijitafutie, na nitapewa kitu kidogo kwa kusahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hawataki barua ya mtu. Jibu hata Machi.

Mtoto wa darasa la tatu angechagua kabla hajamaliza kukohoa. Tatizo ni hiyo barua. Kazini kuna orodha ya watu wa kupunguzwa. Kila mtu anaijua na hakuna aliyeiona. Baba yangu, Mzee Rehani, alikuwa karani wa reli miaka ishirini na miwili, wakampunguza mwaka juzi, leo anauza viatu vya mitumba soko la Majengo. Ukienda kwa bosi kuomba ruhusa ya kuondoka, umemsaidia: amepata jina la kwanza. Halafu Uholanzi wakighairi umebaki huna huku wala huko.

Nitangoja kwanza.

Jumatano, 12 Novemba

mm 0. Joto. Nimengoja.

Jumatano, 19 Novemba

mm 0.

Leo nilikwenda Chiwondo na Kefa, dereva wetu, kukagua lambo. Kilomita sitini, saa tatu za vumbi. Lambo lile ni langu. Mwaka jana nilisimamia ujenzi wake tangu jembe la kwanza, na cheti cha kumaliza kazi kina sahihi yangu. Ni tuta la udongo linalozuia maji ya korongo ili ng'ombe na watu wanywe kiangazi. Kando ya tuta kuna mfereji wa ziada: lambo likijaa, maji yanayozidi yanapita hapo yanamwagikia korongo jingine, mbali na watu. Ule mfereji ndio roho ya lambo. Ukizibwa, maji hayana pa kwenda ila juu ya tuta, na udongo ukipitiwa na maji juu haudumu hata saa moja. Chini ya tuta kuna shule ya msingi, mashine ya kusaga na nyumba kama arobaini.

Nimeukuta umezibwa. Mifuko ya udongo na matawi ya miiba, imerundikwa hovyo.

Mwenyekiti wa kamati ya lambo ni Mzee Obedi, mfugaji, mrefu, shuka lake limefifia likawa halina rangi. Nilimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," maana ndilo neno la kwanza alilonifundisha.

"Mbukwa, mwanangu."

"Mzee, nani kaziba mfereji?"

"Sisi."

"Si nilisema usizibwe?"

"Ulisema. Mwaka jana mvua ilinyesha mara moja ya maana. Lambo likajaa siku ileile, yaliyozidi yakapita hapo kwenda kuwanywesha vyura. Haikunyesha tena. Mwezi wa nane tulikuwa tunafukua mchanga. Nilikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja, nina sita." Akanitazama. "Wewe umezaliwa hapahapa Dodoma, siyo mtu wa kuja. Umeona wapi mvua ya huku ikazidi?"

Nikatafuta kichwani. Sikupata hata mwaka mmoja. Chuoni nilifundishwa habari za mafuriko kama nilivyofundishwa habari za theluji. Nikamwambia, "Basi mpaka Krismasi. Krismasi mnatoa yote."

Na kwa kuwa ile mifuko ilikuwa imewekwa vibaya, nikavua viatu nikaipanga upya mwenyewe pamoja na vijana wake, kama fundi anavyopanga matofali, kiungo cha juu kisikae juu ya kiungo cha chini, na udongo wa mfinyanzi katikati. Sentimita sitini. Tuta liko juu ya mfereji kwa mita moja tu. Kefa alinitazama akasema, "Dada Sabiha, unaziba ulichokichimba?" Nikamwambia aendeshe gari.

Alhamisi, 27 Novemba

mm 0. Redio inasema kuna kitu kinaitwa Elnino kinakuja, mvua za ajabu. Ofisini tumecheka sana. Mpiga chapa amesema kikifika Dodoma kitaomba maji ya kunywa.

Jumamosi, 6 Desemba

mm 41. Watoto wa jirani wamecheza uchi barabarani na hakuna mama aliyewakaripia. Na mimi nilifurahi. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba tangu mwanzo nilikuwa na wasiwasi.

Jumapili, 14 Desemba

mm 28. Jana 35.

Baba ameziona bahasha. Mama yangu, Mishi, alikuwa anaanika godoro katika kale kajua ka asubuhi, siri ikaanguka uani. Baba alisoma ile ya Uholanzi mara mbili, ya Mlimani hakuifungua. Jioni akaja na buti kutoka kwenye belo la mitumba, zina manyoya ndani, saizi yangu kasoro kidogo. "Hizi siuzi," akasema. "Kule barafu inakata vidole." Mama akauliza kama kule nyama ni halali. Mimi nikauliza kama kuna chai.

Kesho soko zima litajua.

Jumamosi, 20 Desemba

mm 63.

Nimekwenda Majengo kumtafuta Anyesi, binti wa Mzee Obedi, ambaye kila Jumamosi huja kuuza mlenda mkavu. Ni wa rika langu, ana watoto watatu, na maneno yake huwa mafupi.

"Lambo limefika wapi?"

"Jiwe lako jekundu linaonekana bado."

Jiwe hilo nililipaka rangi mimi, ukutani mwa tuta. Linaonyesha usawa wa sakafu ya mfereji. Nikaandika kikaratasi: *Mzee, toeni mifuko sasa, msingoje Krismasi.* Akakiweka kwenye kitenge, akafunga fundo.

Alhamisi, 25 Desemba

mm 52. Kengele za kanisa tangu alfajiri. Leo ndiyo siku waliyoahidi. Nimejiambia wameitoa mifuko. Nimejiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini.

Jumatatu, 29 Desemba

mm 47.

Anyesi alikuja ofisini, miguu tope hadi magotini. Alisimama mlangoni hakutaka kuingia asichafue.

"Baba anakusalimia. Anasema bado kidogo. Anasema maji hayajawahi kuua mtu Chiwondo, kiu ndiyo imeua."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nyumba yangu iko chini ya tuta. Nitasemaje?"

Nilitaka kwenda palepale. Lakini gari halitoki bila hati ya bosi, na bosi atauliza unakwenda kufanya nini, na mimi nitasema nakwenda kutoa mifuko, na atauliza nani aliipanga. Nikampa Anyesi kikaratasi cha pili, kikali zaidi. Mhandisi mzima, silaha yangu ni vikaratasi.

Ijumaa, 2 Januari 1998

mm 38. Ramadhani imeanza.

Nimemwomba bosi barua. Mhandisi Nikodemo ni mtu wa Mpwapwa, mlokole, hasemi uongo hata wa salamu. Ukimuuliza habari za asubuhi na tumbo linamuuma, atakwambia linamuuma. Nilidhani atanipiga kalenda. Akavuta faili langu palepale, akapekua ukurasa mmoja mmoja.

"Chiwondo iko salama na mvua hizi?"

Nilikuwa na funga. Nikasema, "Iko salama, mzee."

"Bwana asifiwe. Nitaandika."

Funga gani hii.

Alhamisi, 8 Januari

mm 71. Barua imesainiwa, imekwenda wizarani Dar kugongwa muhuri. Nimeisoma kabla haijafungwa: *Kazi zote alizosimamia hazina dosari.* Mikono yangu ilikuwa baridi kama nimeshafika huko.

Jumamosi, 10 Januari

mm 44. Anyesi hakuja sokoni.

Jumanne, 13 Januari

mm 66. Reli imekatika. Baba anaongea habari za reli kama mtu aliyefiwa, na hapohapo anafurahi kidogo kwamba bila yeye hawaiwezi.

Jumatano, 14 Januari

mm 80. Sijawahi kuandika tarakimu hiyo. Nilirudi kukitazama kipimo mara ya pili kama kwamba mtu alikuwa amenifanyia mzaha.

Jumamosi, 17 Januari

mm 39. Anyesi hakuja. Barabara ya kule haipitiki, wanasema, ila kwa miguu.

Jumapili, 18 Januari

mm 22.

Baba amenifanyia dua ya safari. Sikuulizwa. Nimerudi nyumbani nimekuta mikeka imetandikwa, mashekhe watatu, majirani, jamaa wa soko, ubani umejaa hadi uani. Baada ya futari ukaliwa wali wa nazi na mbuzi ambaye sijui baba alimpataje. Wazee wakanyanyua mikono kuniombea nivuke salama, nisome, nirudi. Wote wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kina mama, nami nikasema amina, na katika moyo nilikuwa nikiomba jambo jingine kabisa: tuta lishikilie mpaka tarehe ishirini na moja Februari. Niwe nimeshapanda ndege. Likivunjika halafu, barua itanikuta mbali.

Nimeandika. Sasa nalisoma na ninajua ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kuomba. Watoto wa ile shule hufundishwa chini ya tuta lile kila siku ya Mungu, na mimi naomba tarehe.

Jumamosi, 24 Januari

mm 58.

Mambo mawili leo.

Barua imerudi kutoka wizarani, ina muhuri. Imekuja na mtu aliyezunguka kwa basi siku tatu. Iko mezani mbele yangu na buti ziko chini ya meza.

Na Anyesi amekuja, kwa miguu, siku mbili, hana mlenda. Alikuja nyumbani, akamwamkia mama shikamoo, akakataa kukaa.

"Jiwe jekundu limezama wiki mbili. Maji yamefika juu ya mifuko. Nyumba zetu nyingi za tembe zimeanguka kwa mvua, watu wamehamia darasani shuleni."

"Watu wanalala shuleni?"

"Ndiyo iliyo na bati."

"Mzee anasemaje?"

"Anasema mifuko ile aliipanga injinia mwenyewe, isingekuwa salama asingeipanga." Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli niliipanga. Nikamwambia awatoe watu shuleni, awaambie ni amri yangu, amri ya serikali, amri ya yeyote watakayemwogopa. Akanywa maji akaondoka hapohapo. Sikumpa kikaratasi.

Jumatatu, 26 Januari

mm 49.

Asubuhi nilikwenda posta kupiga faksi ya Uholanzi. Nilipanga foleni nusu saa. Nilipofika dirishani yule dada akanyoosha mkono, mimi nikaushikilia mkoba wenye barua kama naibiwa. Nikasema nimesahau namba. Namba ilikuwa imeandikwa juu ya bahasha kwa wino mweusi, na yeye aliiona.

Nimekaa nyuma ya posta kwenye ngazi nikafikiri kwa mpango, kama nilivyofundishwa. Gari lazima. Gari halitoki bila kusema. Nikisema, Uholanzi imekwenda, kwa kuwa Nikodemo hawezi kuacha barua ile itembee akishajua ni uongo. Nikinyamaza siku tano tu, nimeshathibitisha, nina miaka miwili ya kila kitu, na Chiwondo inabaki na Mungu. Iliyobaki upande wa pili ni Mlimani na nusu ya ada, baba na viatu vyake, na mimi kwenye faili la uchunguzi. Nilijaribu kuuliza woga upi mkubwa. Haikusaidia, yote ni mikubwa. Nikauliza basi woga upi utakwisha. Huu wa aibu, siku moja utakwisha. Ule wa shule hautakwisha hata nikifika mwisho wa dunia na buti zangu.

Jumanne, 27 Januari

mm 33 hadi saa tatu asubuhi.

Nimesema.

Niliingia kwa Nikodemo, nikaiweka barua mezani mwake, nikabaki nimesimama. Nikaeleza yote, mfereji, mifuko, Krismasi, vikaratasi, na ule uongo wa Januari mbili. Alisikiliza amefumba macho nikadhani anasali.

"Tuta lina nafasi gani sasa?"

"Sentimita arobaini kasoro. Ukitoa na lilivyoshuka kwa kukaa, thelathini."

"Watu?"

"Kama mia mbili chini yake. Wengine wanalala shuleni."

Akasimama akafungua dirisha. "Kefa! Jaza mafuta matangi yote mawili. Chukua kamba, masepeto, na mafundi wawili." Akarudi. Aliichukua barua, akaikunja mara mbili kwa utaratibu, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

"Sikukasirika kwa kuwa umekosea," akasema. "Mimi pia ni wa huku, huenda ningeipanga hiyo mifuko. Nimekasirika kwa kuwa umenisainisha uongo. Nimekuwa nikiomba nisije nikafanya hivyo, na nimefanya."

"Nisamehe, mzee."

"Nitakusamehe Jumapili. Leo siwezi. Ungengoja siku nne tu ungekuwa umeshamaliza mambo yako. Unajua?"

"Najua."

"Wizara haimpi barua mtu anayechunguzwa."

"Najua, mzee."

"Basi nenda. Na uwe mwangalifu kwenye korongo."

Tumefika korongo saa kumi. Limejaa, maji mekundu yanabeba miti mizima. Haiwezekani kuvuka leo. Naandika kwenye benchi la kanisa, mchungaji ametupokea. Kefa amenikatia kipande cha muhogo kwa ajili ya futari bila kuuliza lolote. Baadaye kidogo akasema, "Mimi nilikuona siku ile ukiipanga. Na mimi nilinyamaza. Nina watoto wanne na ile orodha ipo." Tukaisikiliza mvua wote wawili.

Alhamisi, 29 Januari

Sijui kipimo. Sijafika ofisini. Naandika ya jana.

Korongo lilipungua alfajiri, tukavuka kwa kamba, gari tukaliacha. Kilomita nane kwa miguu, tope linavua viatu. Tulifika saa nne. Nikapanda juu ya tuta.

Maji yalikuwa bahari. Sijui neno jingine. Mahali palipokuwa malisho palikuwa ziwa, na yalibakiza vidole vinne kufika juu ya tuta. Mahali pamoja, pale ng'ombe wanapovukia, ambapo kwato zimekwisha kula udongo, maji yalishaanza kulamba upande wa pili, kamkondo kembamba kama kidole kanashuka kuelekea shuleni.

Na watu walikuwa wapi? Kijiji kizima kilikuwa pale, wanaume kwa wanawake, wanabeba udongo kwa karai na kumwaga juu ya kale kamkondo. Wanapandisha tuta. Mita mia mbili kutoka hapo mfereji wa ziada umezibwa kikamilifu, mifuko yangu haijatikisika hata mmoja, wameiongezea safu nyingine hadi usawa wa tuta, na juu yake amekaa Mzee Obedi na wazee wenziwe wawili, fimbo magotini.

"Mbukwenyi," nikasema. Salamu nyingine sikuwa nayo.

"Mbukwa, mwanangu. Umeona? Ukuta mzuri. Haujavuja."

"Mzee, ondoka hapo. Tutoe."

"Tukitoa yanakwenda."

"Yasipokwenda hapa yatakwenda pale." Nikamwonyesha paa la shule. Anyesi alikuwa amekwisha kuwatoa watu. Walikuwa kilimani na masufuria yao wanatutazama. Lakini madawati, nyumba, mashine, mbuzi waliofungwa, vyote vilikuwa chini. "Yakipita juu ya tuta mara moja, mzee, hutabaki na tuta wala maji. Yote yataondoka kwa saa moja. Nilikosea mimi. Nilikosea kukubali na nikakosea zaidi kuipanga vizuri."

Akayatazama yale maji. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mwezi wa tisa ng'ombe wakilia, utaniletea haya?"

Ningeweza kumdanganya. Nimeshakuwa na mazoezi.

"Sitaweza," nikasema.

Ni Anyesi aliyemshika mkono. "Baba, inuka," akasema, na yule mzee akainuka, akatupa fimbo, akainama yeye mwenyewe juu ya mifuko. "Uliipanga wewe," akaniambia. "Nionyeshe wa kwanza kutoka."

Kuiondoa ilikuwa kazi kuliko kuipanga, na haikutakiwa kuiondoa kwa pupa. Maji yote yakipata nafasi kwa mara moja yangeula mfereji wenyewe. Safu ya juu, mmoja mmoja, kuanzia upande wa mwamba. Nilikuwa kiunoni ndani ya maji nimefungwa kamba, Kefa ameshika upande wa pili. Mfinyanzi niliouweka mimi ulikuwa umeshika kama saruji. Nilivunja kucha tatu. Sikuwa nahisi njaa wala kiu, nilikuwa nahisi tuta lile mgongoni mwangu, mita mia mbili, kama mtu anayepumua. Kila dakika fundi mmoja alipaza sauti kutoka kwenye njia ya ng'ombe: "Vidole vinne! Vinne! Vitatu!" Aliposema vitatu nilianza kulia na kuendelea kuvuta.

Safu ya kwanza ilipokwisha, maji yakashika mfereji na kuanza kunguruma. Tukaingia ya pili. Saa nane kasoro yule fundi akapiga kelele: "Vinne!" Kisha kimya kirefu. Kisha: "Vitano!"

Saa kumi alisema shibiri nzima. Nikatoka majini, nikalala chali kwenye tope.

Mzee Obedi alikuwa amesimama ukingoni mwa mfereji, anayatazama maji yakipita kwa nguvu, mekundu, mengi, yanakwenda yasikorudi. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi mbele ya watu. Nikadhani ni ya shukrani. Kumbe alikuwa anahesabu. "Haya yangewatosha miezi mitatu," alikuwa akisema. "Haya yangewatosha mpaka mwezi wa kumi."

Ijumaa, 30 Januari

mm 12. Idi.

Baba alirudi msikitini amevaa kanzu nyeupe na furaha yake yote. Watu walikuwa wakimuuliza njia nzima, anaondoka lini? Nikamwambia kabla hajaketi. Nilisema yote, hata ya dua.

Aliketi, akavua kofia. "Ungetoa mifuko halafu ukanyamaza."

"Nisingepewa gari, baba."

"Ungepanda baiskeli!"

Akaenda chumbani. Biriani ilipoa. Mama aliketi karibu yangu akazitazama kucha zangu, akaleta mafuta ya nazi. Kesho ni tarehe thelathini na moja.

Jumatano, 11 Februari

mm 30. Nimepewa barua ya onyo. Nikodemo alinisomea mwenyewe, kisha akaniuliza kama nimekula. Baba bado hasemi nami. Anapitisha maneno kwa mama, nami nimekaa hapohapo.

Jumamosi, 21 Februari

mm 9. Leo ningepanda ndege. Siku nzima nilikuwa nikitazama saa. Jioni buti hazikuwapo chini ya meza.

Jumanne, 17 Machi

mm 17. Orodha imetoka. Mimi simo. Mpiga chapa yumo. Tulikaa naye kwenye mashine yake, akaandika barua yake ya mwisho, nayo ilikuwa yangu: *Nakubali nafasi ya masomo Mlimani.* Shangazi Mwanamvua ana chumba Ilala, tutabanana. Likizo bila malipo nimepewa. Nusu ya ada bado ni shimo na sijui nalifukia na nini. Usiku nalifikiria. Lakini nalala.

Jumapili, 22 Machi

mm 0. Baba ameweka viatu kitandani kwangu, vya wazi, vya kamba, vya joto la Dar. Akasema akiwa ameshatoka mlangoni, "Zile za manyoya zilikuwa zinakubana." Ndiyo maneno ya kwanza tangu Idi.

Jumamosi, 2 Mei

mm 0.

Nimekwenda Chiwondo kuaga. Tuta liko, nyasi zimeota juu yake, njia ya ng'ombe tumeijaza mawe. Shule inasoma, nilisikia watoto wakiimba jedwali la saba. Lambo limejaa hadi jiwe jekundu, kamili, si zaidi. Mfereji uko wazi. Mzee Obedi alinitembeza kama mwenye nyumba. Kando ya mfereji ulikuwapo mfuko mmoja tu wa udongo. Nikausogelea. "Huo tunaukalia," akasema. Akaukalia.

Mlimani wametaka nitaje nitakachochunguza. Nilikuwa nimeandika jina refu la kisomi. Nikamweleza Anyesi, aliyekuwa akichota maji, kwamba nakwenda kusoma jinsi ya kuchimba mfereji wa ziada usioweza kuvunja tuta. Akatua ndoo.

"Hilo tunalijua sasa," akasema. "Soma na lile la baba. Mvua ikinyesha mara moja halafu isirudi, tufanyeje?"

Nimelifuta jina la kisomi. Nimeandika swali lake kama alivyolisema.

Njiani kurudi mbingu ilikuwa safi, samawati, hakuna hata wingu la kumdanganya mtoto. Vumbi lilianza kunyanyuka nyuma ya gari. Kefa alikuwa akipiga mluzi. Mimi nilikuwa nikilitazama vumbi lile, nikihesabu miezi hadi wa tisa kwa vidole, na kucha mbili zilikuwa bado hazijaota vizuri.